Springi huficha mzigo, breki haziwezi kuuficha

BWIZA, Bujumbura

Mfanyabiashara anayekodi gari Bwiza kwenda Kobero huuliza mambo matatu kabla ya kupakia: nauli ni kiasi gani, gari linabeba magunia mangapi, na litafika saa ngapi. Ni maswali ya haki. Fedha ni zake, mzigo ni wake, na mteja anayesubiri ng'ambo ya mpaka hana subira. Lakini lipo swali la nne ambalo husahauliwa, nalo ndilo linaloamua kama yale matatu yana maana yoyote: gari hili linasimamaje?

Jibu la swali hilo hutengenezwa, au huachwa bila kutengenezwa, katika garaji za kando ya barabara za Bwiza na jirani yake Buyenzi. Humo ndimo magari madogo yaliyojengwa kwa ajili ya barabara za Japani huandaliwa kwa milima ya Burundi. Kazi inayopendwa zaidi ni kuinua nyuma. Gari dogo huchomekewa vipande vya mpira kati ya mizunguko ya springi. Pikapu huongezewa jani moja au mawili. Likishapakiwa, gari halilali tena. Linaonekana jepesi hata likiwa limejaa magunia ya mchele hadi darini. Mwenye gari hulipia kazi hiyo bila kunung'unika, kwa sababu springi huongeza magunia na magunia huongeza nauli.

Fundi yuleyule akisema kwamba mafuta ya breki yamekuwa meusi, au kwamba shokapu zimekufa, mara nyingi kazi hiyo husukumwa hadi safari ijayo. Breki haiongezi gunia hata moja. Kwa hesabu ya siku moja, springi inalipa na breki hailipi.

Hesabu hiyo ni mbovu. Anayeilipia mwishoni ni mwenye mzigo, pamoja na watu walio kando ya barabara ambao hawakupata hata faranga moja ya nauli. Na mwenye mzigo huyohuyo ndiye mwenye uwezo wa kuibadilisha, kwa sababu bila yeye gari haliondoki.

Mlima unaoshuka na mzigo

Barabara kuu namba 1, ambayo wengi huiita RN1, hutoka Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika na kupanda hadi Bugarama. Hapo njia hugawanyika: moja huelekea Muramvya na Gitega, nyingine Kayanza, ambako hupitia anayekwenda Ngozi, Muyinga na mpaka wa Kobero na Kabanga. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000. Katika mwendo usiofika kilomita 40, gari hupanda zaidi ya mita 1,300.

Kwa biashara ya Bujumbura, safari yenye mzigo mzito mara nyingi ni ile ya kushuka. Anayepanda huenda na ndagala, mawese au sabuni. Anayerudi kutoka mpakani huja na mchele, unga, vyombo vya plastiki, vitambaa na bidhaa zilizopitia bandari ya Dar es Salaam. Injini hupimwa wakati wa kupanda, na ikishindwa, gari husimama. Breki hupimwa wakati wa kushuka, na zikishindwa, gari halisimami.

Ukubwa wa kazi hiyo unaweza kuhesabiwa. Gari lenye kilo 1,500 pamoja na mzigo wake likishuka mita 1,300, nguvu inayopaswa kugeuzwa kuwa joto inatosha kuchemsha lita 60 hivi za maji ya bomba. Kwa lugha ya dereva, ni sawa na kulisimamisha gari kabisa kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, si mara moja bali mara 33. Sehemu ya nguvu hiyo huliwa na upepo, msuguano wa tairi, na injini ikiwa gari liko kwenye gia. Inayobaki huishia kwenye diski mbili za mbele na dramu mbili za nyuma. Mzigo ukiongezwa hadi gari lifike kilo 2,000, maji yanayochemka yanafika lita 80. Diski na dramu ni zilezile.

Probox, gari ambalo limekuwa punda wa wachuuzi kuanzia Meru hadi Bujumbura, iliingia sokoni Japani mwaka 2002. Toleo lake la kwanza lilipimwa kiwandani kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, au kilo 250 likiwa na watu watano. Magunia manane ya kilo 50 yanafika kikomo hicho hata kabla ya kuhesabu jeri la mawese, kirago na abiria wa njiani. Kila kilo inayozidi hapo inabebwa na springi ya nyongeza, lakini inasimamishwa na breki ambazo hazikuongezwa.

Na barabara yenyewe si tupu. Waendesha baiskeli waliofunga mikungu ya ndizi hushuka kwayo kwa kasi, na wanaorudi juu hujishikiza nyuma ya malori. Kuna nyumba, wauza matunda na watoto wanaotoka shule. Gari lisilosimama halichagui pa kuishia.

Wanaolipa ili kuchosha breki

Funzo linaweza kutoka mahali ambapo mfanyabiashara hatarajii: viwanja vya mbio za magari. Ulaya kuna watu wanaolipa ada ili waendeshe magari yao ya kawaida kwenye njia za mashindano kwa siku moja, kisha Jumatatu huyatumia magari hayohayo kwenda kazini. Mahali maarufu kuliko pote ni Nürburgring nchini Ujerumani, njia iliyofunguliwa mwaka 1927. Mzunguko wake wa kaskazini una urefu wa kilomita 20.8, na kati ya sehemu yake ya juu kabisa na ya chini kabisa kuna karibu mita 300. Mteremko kutoka Bugarama ni zaidi ya mara nne ya huo. Wale wanatafuta burudani na wa Bwiza wanatafuta riziki, lakini chuma hakijui tofauti hiyo.

Kinachofundisha ni mpangilio wa matumizi yao. Mgeni wa mchezo huo hufikiria kuongeza nguvu ya injini. Mzoefu huanza na mafuta mapya ya breki, yale yanayostahimili joto zaidi. Kisha pedi. Kisha tairi na upepo wake. Kisha shokapu na springi, zikichaguliwa kwa pamoja. Injini huja mwisho. Na kabla ya kuingia uwanjani huondoa kila kisichohitajika ndani ya gari, mpaka tairi la akiba na viti vya nyuma, kwa sababu anajua kwamba kilo iliyoachwa nyumbani haihitaji kusimamishwa.

Hekima hii si ya Wazungu peke yao. Mwaka 1953 mashindano yaliyoitwa Coronation Safari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakitumia magari ya aina iliyouzwa madukani. Yalikuwa safari ya kuvuka mipaka kabla ya kuwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kuizungumzia. Mwaka 1965 Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyeanza kama fundi wa garaji, alishinda akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Gari kuukuu lililoandaliwa na mtu anayejua kila nati yake liliyashinda magari yaliyotoka kiwandani. Leo Safari Rally inafanyika Naivasha, baada ya kurejea kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Uganda ina Pearl of Africa Rally na Rwanda ina Mountain Gorilla Rally. Ukanda huu haukosi mafundi wanaojua kuandaa gari kwa barabara ngumu. Kinachokosekana ni mteja anayeidai kazi hiyo kwa gari linalobeba mzigo wake.

Joto linavyofanya kazi

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana umri wake una maana kuliko kilomita zilizotembewa. Kwa kiwango kilichowekwa, mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji hadi asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na hushuka hadi 155. Tofauti hiyo ya nyuzi 65 au 75 ndiyo tofauti kati ya kona ya kumi na kona ya ishirini.

Mafuta hayabonyei, na ndiyo sababu mguu wa dereva unaweza kusukuma pedi zilizo mita mbili mbele yake. Mvuke hubonyea. Mafuta yakichemka ndani ya bomba, pedeli huzama hadi sakafuni na hakuna kinachotokea kwenye gurudumu. Hatari yake ni kwamba haina maonyo ya muda mrefu: breki zilizofanya kazi vizuri tangu kileleni hupotea karibu na mji, mahali penye watu wengi zaidi.

Kuna kosa la pili ambalo dalili yake ni tofauti. Pedi zikizidi joto lililokusudiwa, pedeli hubaki ngumu lakini gari halipungui mwendo. Pedi za bei ya chini kabisa hufika hapo mapema. Dereva anayejua dalili hizi mbili humwambia fundi ukweli: pedeli iliyozama inaelekeza kwenye mafuta au uvujaji, pedeli ngumu isiyoshika inaelekeza kwenye pedi au busta. Asiyejua hulipia kipuri ambacho hakikuwa na kosa.

Dawa yake si ghali. Mafuta yote yabadilishwe, si kuongezea tu kwenye kikopo, na hewa itolewe gurudumu kwa gurudumu. DOT 4 inaweza kuwekwa kwenye gari lililojengwa kwa DOT 3. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na hizo. Pedi mpya zizoeshwe kabla ya kupakia: kupunguza mwendo mara kadhaa kwenye barabara tambarare bila kusimama kabisa, kisha kuziacha zipoe. Dramu za nyuma zirekebishwe, maana zikilegea kazi yote huhamia mbele. Na diski zilizowaka kwa joto zisimwagiwe maji gari likifika bondeni, kwa sababu chuma kinachopozwa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka.

Springi inayodanganya

Springi hubeba gari. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi ili tairi ibaki imeshika lami. Springi ikiongezwa ugumu huku shokapu ikiachwa kuukuu, gari hurukaruka kwenye kila shimo. Na tairi iliyo hewani haina breki, hata kama pedi zilinunuliwa jana. Wanaoandaa magari ya mbio hawabadilishi kimoja bila kingine kwa sababu hiyo. Bwiza, na si Bwiza peke yake, springi hubadilishwa na shokapu huachwa.

Kuinua nyuma kuna athari nyingine. Mzigo uliowekwa juu zaidi huliegemeza gari zaidi kwenye kona, na dereva anapokanyaga breki uzito mwingi hukimbilia mbele. Tairi za nyuma hubaki nyepesi, na nyuma ya gari huanza kutaka kupita mbele.

Jambo la tatu halijulikani na wengi. Pikapu nyingi na baadhi ya magari madogo ya mizigo yana vali ya kupima mzigo, iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Gari likilala kwa uzito, vali hufunguka na kupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu na limeinuka, vali huipunguza ili magurudumu ya nyuma yasifunge. Sasa springi zikiongezwa ili gari lisilale, vali huamini kwamba gari ni tupu. Katika safari ambayo breki za nyuma zinahitajika kuliko siku zote, zinapewa nguvu ndogo kuliko siku zote. Springi haikumdanganya askari wa barabarani peke yake; imeidanganya na breki. Fundi anayeinua pikapu bila kuirekebisha fimbo hiyo ameacha kazi nusu.

Gia huru haiokoi mafuta

Burundi imesumbuliwa kwa miaka kadhaa na uhaba wa mafuta ya gari, na dereva aliyepanga foleni kwa siku nzima hawezi kulaumiwa kwa kuhesabu kila tone. Hapo ndipo lilipoota mizizi zoea la kushuka mlima kwa gia huru, au hata kwa kuzima injini kabisa. Inaonekana kama akiba. Sivyo ilivyo.

Magari mengi ya petroli yanayonyunyiza mafuta kwa kompyuta, Probox ikiwemo, hukata mafuta gari linapoteremka likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye kanyagio la mafuta. Magurudumu ndiyo huizungusha injini. Likiwekwa kwenye gia huru, injini hulazimika kunyunyiza mafuta ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka kwa gia huru anatumia mafuta zaidi kuliko anayeshuka kwa gia ya pili, na juu ya hapo anaziachia breki kazi ambayo injini ingeifanya bure.

Kuzima injini ni kubaya zaidi. Busta ya breki hutegemea injini. Ikizimwa, akiba yake hutosha kukanyaga mara chache tu, kisha pedeli huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito. Gari la otomatiki lina herufi L na namba 2 kwenye kishikio cha gia kwa ajili ya milima ya aina hii. Sheria ya zamani ya madereva wa malori ingali kweli: mlima hushukwa kwa gia ambayo ungetumika kuupandia. Breki zinapohitajika, hukanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachiwa zipoe. Mguu unaokaa juu ya pedeli kutoka kileleni hadi bondeni unapika.

Hoja za upande wa pili

Wenye magari wana majibu, na si ya kupuuzwa. La kwanza ni bei. Burundi ina upungufu wa fedha za kigeni, vipuri vinatoka nje, na bei hupanda kati ya asubuhi na jioni. Ni kweli. Lakini chupa ya mafuta ya breki ni bei ya sehemu ndogo ya gunia la maharagwe, na seti ya pedi za mbele haifiki thamani ya mzigo mmoja wa Probox. Ikigawanywa kwa wafanyabiashara wanaochangia gari moja kwa mwezi mzima, ni fedha ambayo mtu huitumia kwa chai njiani.

Jibu la pili ni vipuri bandia. Hili ni tatizo la kweli, na ni la ukanda mzima. Kipuri hicho hicho huitwa pedi Gerezani, Dar es Salaam, na barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kikifika Bwiza au Uvira kinaitwa plaketi. Shokapu inakuwa amotiseri. Majina yakibadilika njiani, ni rahisi kwa bidhaa nayo kubadilika. Kinga iliyopo ni kununua kwa muuzaji anayetoa risiti yenye jina la kampuni iliyotengeneza kipuri, na kukataa chupa ya mafuta ya breki ambayo kizibo chake kimekwisha kufunguliwa. Tairi ina cheti chake ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri wa miaka 10 limenunuliwa kwa macho tu.

Jibu la tatu ni uzoefu. Dereva aliyeshuka Bugarama mara mia anaamini anaujua mlima. Pengine anaujua. Lakini uzoefu wake ni wa mlima huo na mzigo wa jana, si wa mafuta yaliyozeeka mwezi mmoja zaidi. Joto linalochemsha mafuta halimtambui dereva.

Wengine watasema kosa ni la barabara: mashimo, maporomoko wakati wa mvua, kona zisizo na kingo. Serikali zina wajibu huo na hazipaswi kusamehewa. Ila barabara itatengenezwa kwa bajeti ya mwaka ujao au wa baada yake, na mzigo unaondoka kesho alfajiri.

Kadi ndogo ya kuanzia

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inayahusu magari ya kuanzia tani 3.5. Lori hupimwa ekseli kwa ekseli. Gari dogo lililojaa hadi paa hupita kando ya mizani bila kusumbuliwa. Mpakani, mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 hupewa utaratibu rahisi wa cheti cha asili, ili ijulikane maharagwe yametoka wapi. Hakuna anayeuliza mafuta ya breki yamewekwa lini. Gari linapovuka huonyesha Kadi ya Njano ya COMESA, bima ambayo nchi nyingi za ukanda huu zinaitambua. Lakini bima hiyo ni kwa ajili ya wengine watakaoumizwa. Haimrudishii mchuuzi mchele uliomwagika kwenye korongo.

Ikiwa bima inaweza kutambuliwa kuvuka mpaka, ukaguzi wa breki nao unaweza. Mawaziri wa Jumuiya, ambayo Burundi imo tangu 2007 na Congo tangu 2022, wangefanya jambo la maana kwa kukubaliana kipimo kimoja cha usalama kwa magari madogo ya mizigo, na kwa kuitazama upya kodi ya pedi, mafuta ya breki, shokapu na tairi. Mkutano huo utachukua muda. Bwiza haihitaji kuusubiri.

Vyama vya madereva na vya wachuuzi vinaweza kuanza na kadi moja ya karatasi ngumu, inayokaa ndani ya gari. Iandikwe kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Iwe na mistari michache: tarehe ya kubadilisha mafuta ya breki na aina yake, tarehe ya pedi, tarehe ya shokapu, kama springi zimeongezwa, kama vali ya mzigo imerekebishwa, na muhuri wa garaji. Fundi mwenye muhuri wake kwenye kadi atafikiri mara mbili kabla ya kuandika uongo, kwa sababu jina lake litasafiri hadi Kobero na kurudi.

Kadi inaweza kughushiwa, kama karatasi yoyote. Ndiyo maana mwenye mzigo anapaswa kuwa na vipimo viwili ambavyo havihitaji ufundi. Injini ikiwa imezimwa, dereva apige pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, aishikilie, kisha awashe: pedeli ikishuka kidogo, busta ni nzima. Halafu, injini ikiwaka, aikanyage na kuishikilia kwa nusu dakika: ikiendelea kuzama polepole, kuna mahali panavuja, na gari hilo lisipakiwe. Vipimo vyote viwili humalizika kabla gunia la kwanza halijapanda. Dereva mwaminifu hatakasirika. Atakayekasirika amejibu.

Baada ya hapo kuna jambo moja ambalo mfanyabiashara peke yake ndiye anayeweza kulifanya: kukubali magunia machache zaidi kwa safari, na nauli inayolingana nayo. Hawezi kumbana dereva kwa bei ya chini kabisa, akamwongezea magunia mawili juu ya yale yaliyokubaliwa, kisha akadai breki za gari la mbio. Nauli inayolipa breki ni ghali kidogo kuliko nauli isiyolipa, na tofauti hiyo ndiyo bei halisi ya kufika. Anayeikwepa leo hajaiokoa. Ameihamishia kwa mwendesha baiskeli aliye kona ya mbele, ambaye hajui kwamba amekopesha.